Kisima Kilichozikwa Kingali Hai

Msikiti wa kijiji kile, nje kidogo ya mji wa Kisarawe, haukuwa na lolote la kumfanya mpita njia ageuze shingo. Mabati yake yalikuwa na kutu, mnara wake mfupi, na kuta zake zilipakwa chokaa mara moja tu kwa mwaka, Ramadhani ikikaribia. Lakini kisima chake kilijulikana hata kwa watu wasioswali. Kilikuwa na kina cha pima tano, kimechimbwa kwa mikono na marehemu Mzee Shabani, na maji yake yalikuwa matamu kiangazi na masika. Wanawake walitoka vitongoji vya mbali kuyafuata kwa ajili ya kupikia maharage, maana maji mengine ya upande ule hayaivishi maharage hata uchochee moto mpaka kuni ziishe.

Aliyekitunza alikuwa mwana wa marehemu huyo, Mzee Zahoro, mwadhini wa msikiti, mtu wa maneno machache na umri wa miaka sabini na sita. Kazi yake kubwa haikuwa kisima bali mfereji. Maji ya udhu, yale yaliyokwisha kupita mikononi na miguuni mwa watu, hayakuachwa yatapakae uwanjani. Yaliingia mferejini, yakapita katika shimo lililojazwa kokoto, makaa na mchanga, yakanywesha migomba, na yaliyobaki yakazama ardhini hatua arobaini kutoka kisimani, upande wa mlimani. Mzee aliijua sheria: maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu ni safi, ila huwezi kuyatawadhia tena. "Lakini yakirudi kwenye mengi nayo yanakuwa mengi," alizoea kusema. "Na wa kuyarudisha ni ardhi."

Kwa sababu hiyo kijiji kilikuwa na ada yake. Kila Alhamisi baada ya alasiri, nyumba zenye zamu zilileta kila moja ndoo ya mchanga safi wa mtoni, ule wa zamani uliokwisha kushika uchafu ukatolewa, na mpya ukatandikwa kabla ya Ijumaa. Mzee Zahoro aliusugua mchanga wa kila mtu kati ya vidole. Ukiwa na tope, alimrudisha mwenye ndoo akachote mwingine, awe mwenyekiti awe nani. Watu walinung'unika, wakamwita mzee wa visa, na Alhamisi iliyofuata wakaleta mchanga safi.

Marehemu Mzee Shabani aliacha na wasia mmoja. Alipokuwa akichimba, jembe liligonga tabaka la udongo mweupe, mzito, unaonata kama ugali uliopoa. Akakomea hapo. Akausia kwamba udongo mweupe usipasuliwe kamwe, kwani chini yake hapana heri. Hapana heri kwa nini? Hakusema, na watu wa zamani hawakuwa na mazoea ya kuwahoji baba zao.

Mzee Zahoro alikuwa na binti, kitinda mimba wake, aliyeitwa Mwanahalima. Binti huyu alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, Dar es Salaam, akisomea jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi. Aliishi Misugusugu, Kibaha, kwa shangazi yake, akiondoka kabla jua halijachomoza na kurudi limekwisha kuzama. Alikuwa amechoka. Haukuwa ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ulikuwa uchovu wa miaka minne, wa ripoti zisizokwisha na mawe ya kubeba mgongoni, na wa kuwa mtoto pekee wa kijiji kile aliyefika huko, ambaye kila akirudi nyumbani anaulizwa ameleta nini.

Moyoni alikuwa ameigawa dunia katika mifuko miwili. Mfuko mmoja ulikuwa wa dini: aliswali, alifunga, na hijabu yake haikumtoka hata machimboni kwenye jua la utosi. Mfuko wa pili ulikuwa wa sayansi, na aliogopa sana yaliyomo yasije yakachanganyika. Mwenzake mmoja wa darasani, Bernard, alipenda kumtania. "Ustadhati, mawe haya yana miaka milioni mia. Mmekubaliana na Mola wako?" Naye humjibu, "Mola wangu hana haraka, Bernard. Wenye haraka ni wewe na tumbo lako." Watu wakacheka, mambo yakaishia hapo. Lakini akiwa peke yake hakuwa na jibu zaidi ya lile la mzaha.

Chuoni alikuwa pia katibu wa klabu ya mazingira. Aliwahubiria wanafunzi wa mwaka wa kwanza habari ya kutumia vitu upya, na kila Jumamosi alikusanya chupa za plastiki mtaani Misugusugu akazipeleka mtaa wa Kwa Mathias, kwa dada mmoja anayenunua taka za plastiki, Zuwena. Kwamba baba yake alikuwa akiyarudisha maji ardhini kabla neno klabu halijafika Kisarawe, hilo halikuwahi kumpitia akilini. Kisima cha nyumbani kilikuwa kisima cha nyumbani tu, na mfereji ulikuwa mambo ya wazee.

Ndipo wakaja wafadhili. Gari jeupe, vizibao vya rangi ya machungwa, na mratibu wao kijana mchangamfu aliyeitwa Hashiru. Walikuwa wakichimba visima virefu vijijini, vyenye pampu ya umeme wa jua, tangi na mabomba ya chuma cha pua. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti, Mfaume, aliwapokea kama waliotoka Makka. Mfaume hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuona misikiti ya vijiji vingine inapakwa rangi na wa kwake unaota kutu.

"Tumesikia mna mtaalamu wenu wa ardhi," Hashiru akasema. "Akitupimia yeye mwenyewe, kazi itaanza mwezi huu huu."

Mwanahalima akaitwa. Akaja na kifaa cha kuazima chuoni, akachomeka vijiti vya chuma ardhini, akatandaza nyaya, akapitisha umeme na kupima jinsi ardhi inavyouzuia. Juu, penye mchanga, umeme ulipita kwa taabu. Chini ya udongo mweupe ulipita bila kipingamizi. Ishara ya maji, na maji mengi. Sasa, kila mwanafunzi wa jiolojia anajua kwamba maji ya chumvi huupitisha umeme kuliko maji matamu. Mwanahalima alilijua hilo. Alikwisha kulijibu kwenye mtihani akapata alama zote. Lakini siku ile alikuwa hajala tangu asubuhi, alikuwa na kazi ya kurasa arobaini ya kuwasilisha kesho yake, na dereva wa wafadhili alikuwa akipiga honi. Akaandika: maji mengi, kina cha mita sitini, panafaa.

Baba yake alikuwa amesimama kando akimtazama.

"Mtapita kwenye udongo mweupe?" akauliza.

"Tutapita, baba. Maji yenyewe yako chini yake."

"Babu yako aliusia usipasuliwe."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema hapana heri."

Mwanahalima akacheka kidogo, akaendelea kukunja nyaya zake.

Masharti ya wafadhili yalikuwa mafupi. Kisima cha zamani kifukiwe, kwa kuwa kisima kilicho wazi ni hatari kwa watoto, na jukwaa la mabomba pamoja na bango lijengwe papo hapo, mbele ya msikiti, lionekane barabarani. Wazee wawili watatu wakakataa. Kikao kikaanza kuchacha. Mzee Zahoro, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema vikaoni, akainuka.

"Mwanangu amesoma," akasema. "Akisema kuna maji, basi kuna maji. Na kama ni kufukia, nitaanza mimi."

Akaenda, akabeba karai la matofali mabovu, akalimwaga kisimani. Mlio wa maji ulisikika mpaka barazani. Baada yake kila mtu akatupa alichokuwa nacho. Wakatupa vifusi, mabati, viatu vya mpira, chupa za plastiki kwa magunia, na nepi za watoto. Kisima kilichonywesha kijiji kizima kikawa jalala kwa siku tatu, na watu wakatawanyika wakipangusa mikono kama waliotoka kwenye mazishi ya mtu wasiyempenda. Mfereji haukuwa tena na kisima cha kulisha. Alhamisi iliyofuata hakuna aliyeleta mchanga.

Mashine ikatoboa udongo mweupe, na maji ya bomba yalipotoka, vigelegele vilipigwa. Mwezi wa kwanza yalikuwa matamu. Mwezi wa pili akina mama walianza kulalamika kwamba maharage hayaivi. Mwezi wa tatu chai ikawa na ladha ya machozi, sabuni ikakataa kutoa povu, na mabomba yakafanya ukoko mweupe mdomoni. Mwezi wa tano pampu ikaliwa na chumvi, ikakoroma, ikanyamaza. Hashiru alipigiwa simu. Mwanzoni alipokea, akasema fundi yuko njiani. Baadaye simu ikawa inaita tu. Mwisho haikuita.

Mwanahalima alipata habari hizi kwa vipande, akiwa Kibaha, na kila mara alijiambia kwamba akimaliza mitihani atakwenda. Jamani, uchovu nao una ujanja wake. Humfanya mtu aone kuahirisha ni kupumzika.

Alikwenda Ijumaa moja ya Januari, kiangazi kimekolea, Ramadhani imebakiza majuma matano. Alifika karibu na adhuhuri. Nje ya msikiti aliona jambo ambalo hakulielewa mara moja: wanaume wameinama ukutani wakipiga viganja kwenye vumbi, wakijipaka usoni, wakijipaka mikononi. Kisha akaelewa. Walikuwa wakitayamamu. Maji ya dumu yalikuwa ya kunywa, nayo yalitoka mbali, kwa bodaboda au kwa ndoo kutoka bondeni, kwa hiyo watu wa msikiti uliosifika kwa kisima walikuwa wakijitoharisha kwa udongo, kama wasafiri wa jangwani.

Akaenda upande wa wanawake, akapiga viganja vyake ardhini. Kwa miaka minne alikuwa ameushika udongo ule ule kwa jina la sampuli. Aliuchekecha, akaupima, akauandikia namba. Leo alikuwa akiuomba umfae mbele ya Mola wake, tena kwa sababu maji yaliyokuwepo aliyaondoa yeye. Ile mifuko yake miwili, ya dini na ya sayansi, ilichanika siku ile ile, na kilichodondoka humo kilikuwa kitu kimoja: alipewa amana, hakuitazama vizuri. Hakumbuki aliswali vipi.

Baada ya swala alimkuta baba yake nyumbani, amekaa juu ya kigoda, anashona kiatu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za Kibaha?"

"Nzuri." Akakaa chini. Akatafuta pa kuanzia, akakosa, akaanza tu. "Baba, yale maji ya chini ni ya chumvi. Yalikuwa ya chumvi tangu zamani. Kifaa kilinionyesha, na mimi nilisoma vibaya. Ule udongo mweupe ndio uliokuwa kizibo. Uliyashika matamu juu, ukayazuia ya chumvi chini. Sisi tumeutoboa. Matamu yamevujia chini, na ya chumvi yamepanda."

Mzee akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Ndivyo nilivyodhani."

"Ulijua?"

"Sikujua kama unavyojua wewe, kwa namba. Nilijua kwamba baba yangu hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu bila sababu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema," akajibu taratibu. "Ukacheka."

Mwanahalima alijaribu kukumbuka, akakumbuka.

"Hukucheka kwa ubaya," mzee akaongeza haraka, kama anayemwonea huruma. "Ulikuwa umechoka."

Afadhali angemtukana. Tusi lingekuwa na pa kulishikia. Mwanahalima alikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikamfika miguuni, ndipo alipoinuka akaenda kumtafuta Mfaume na kumwomba aitishe kikao.

Kabla ya kikao alimwendea mwalimu wake chuoni, Dokta Atupele, mama mkavu wa maneno ambaye wanafunzi walimwogopa kuliko mitihani yake. Akamsimulia yote. Dokta Atupele akavua miwani.

"Uliwauliza waliochimba kabla yako waliishia wapi, na kwa nini?"

"Nilimuuliza baba. Hakuwa na sababu, alikuwa na wasia tu."

"Na wasia hukuuhesabu kuwa taarifa." Hakungoja jibu. "Haya. Ni lazima kuziba lile tundu la mita sitini, la sivyo hata ukifukua kisima maji yataendelea kuvuja. Tumieni udongo ule ule mweupe, ushindiliwe kidogo kidogo mpaka juu, na saruji mwishoni. Halafu ripoti yako uiandike upya, ukweli wote. Itakuchelewesha."

"Nitachelewa, Dokta."

"Hutakuwa wa kwanza," akasema, akavaa miwani yake.

Kikao kilifanyika Ijumaa iliyofuata, barazani, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Mfaume alianza kwa furaha. Alikuwa amepata habari kwamba wafadhili wengine, wakubwa kuliko wale, wanazo mashine za kutoa chumvi kwenye maji. Wangekuja baada ya Idi. Walichotaka ni eneo lisiguswe.

"Kwa hiyo tuvumilie," akasema. "Aliyevumilia miezi sita hashindwi na miwili."

Watu wakaitikia kwa kuguna. Mwanahalima akasimama.

"Ile ripoti niliiandika mimi," akasema. "Sikudanganywa na mtu. Nilikosea. Naombeni radhi. Na naombeni tukifukue kisima chetu, tusingoje cha watu."

Kisha mama mmoja, Bi Hajira, muuza vitumbua, akanyanyua sauti kutoka nyuma. "Yaani mimi na goti langu hili nabeba ndoo kutoka bondeni kwa ajili yako wewe?"

"Ndiyo, bibi. Kwa ajili yangu."

"Loo! Na elimu yote hiyo!"

"Na elimu yote hiyo, bibi."

Bi Hajira alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alipokosa wa kubishana naye, akaketi, akaanza kujifunga kilemba upya bila sababu.

Mfaume akasema kufukua jalala ni kujidhalilisha, na wafadhili wakikuta eneo limechimbuliwa watawaona watu wasio na shukrani. Wengi wakamwunga mkono. Hakukupigwa kura, watu waliondoka tu mmoja mmoja, wakimwacha Mwanahalima na baba yake, Bi Hajira aliyedai anapumzisha goti, na vijana wanne wasiokuwa na la kufanya.

Wakaanza Jumatatu. Mwanahalima aliteremsha kwanza kandili iliyowashwa, kwa maana taka zikioza hutoa hewa ya kuua. Ikizimika, hakuna wa kushuka. Siku mbili za mwanzo ilizimika. Wakafunua mdomo wa kisima wote, wakapepea kwa matawi na mashuka, wakangoja. Siku ya tatu ilibaki inawaka, vijana wawili wakashuka kwa kamba. Uchafu uliotoka humo, Mungu apishe mbali. Ulinuka mpaka mbuzi walihama. Kila kilichopanda Mwanahalima alikichambua: matofali huku, mabati huku, chupa huku, na kile kisichotajika kikaenda kufukiwa mbali.

Zuwena alifuata chupa kwa kirikuu, kigari chake cha mizigo, kutoka Kwa Mathias. Aliposhuka na kuona mlima wa taka, na mwenzake amekaa katikati, alishika kiuno.

"Shoga! Msomi mzima unachambua nepi?"

"Ndizo nilizozizika, Zuwena."

"Makubwa haya. Na mimi nilidhani ninyi wenye digrii mnatupa taka kwa kompyuta." Akacheka mwenyewe, kisha akaona mwenzake hacheki, akapandisha mikono ya gauni lake, akaketi naye mpaka alasiri. Chupa alizichukua zote. Mifuko yenye tope aliikataa, akasema urafiki una mipaka. Safari ya pili alileta kamba mpya na glovu.

Kazi ile iliwachosha hata wenye nguvu. Mwanahalima alikuwa akilala Kisarawe siku nne, akikimbilia chuo siku tatu, na popote alipokuwa alijiona ananuka. Juma la pili kijana mmoja aliacha. Asubuhi iliyofuata Mfaume akatokea, amevaa mabuti ya mpira na shati kuukuu. Hakutoa salamu ndefu wala maelezo. Akashika kamba, akaanza kuvuta. Adhuhuri ilipokaribia Mzee Zahoro alimpelekea maji ya kunywa.

"Wale wa mashine ya chumvi?" mzee akauliza.

"Wamepata kijiji kingine," Mfaume akajibu, akarudi kwenye kamba.

Baada ya hapo watu wakaanza kurejea, wengine kwa kujitia wanapita tu. Wanawake walifinyanga madonge ya udongo mweupe uliotupwa kando na mashine ya kuchimba, makubwa kama maandazi, wakayadondosha katika tundu la mita sitini, na vijana wakayashindilia kwa mtaimbo uliofungwa kamba ndefu, pima kwa pima, mpaka juu. Mzee Zahoro alikalia mfereji, akizibua, akipanga kokoto upya. Na Alhamisi moja, pasipo tangazo, ndoo nne za mchanga zikaonekana ukutani mwa msikiti. Mbili alizikataa.

Tarehe ishirini na nane ya Shaabani, mvua haijanyesha hata tone, kijana aliyekuwa chini akapiga kelele. Maji yalikuwa yakichirizika kutoka pembeni, membamba, ya rangi ya maziwa. Kufika kesho yake kabla ya adhuhuri yalikuwa yametulia, yanafika magotini. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele. Walikwisha kupiga kimoja, wakaaibika.

Ndoo ya kwanza ilipopanda, Mzee Zahoro alichota kwa kata, akasema bismillahi, akaonja. Aliyaweka mdomoni kwa muda, macho yamefumbwa. Akameza.

"Yana chumvi," akasema.

"Ndiyo, baba," Mwanahalima akajibu. Alikuwa amekwisha kuyapima. "Si kali kama ya bomba. Yanapikia, yanafulia. Ni ile iliyopanda kabla hatujaziba. Mvua itaiosha, na maji ya mfereji."

"Mvua ngapi?"

Mwanahalima akaanza kukunja kamba ya ndoo.

"Wewe ndiye uliyesoma. Safari hii nakuuliza, na wewe nijibu."

"Masika manne," akasema. "Huenda matano. Ndipo yatakapokuwa kama yale ya babu."

Mzee akatazama ndani ya kata. Watu wote walijua umri wake, na kila mtu uwanjani pale alikuwa akifanya hesabu ile ile anayoifanya yeye.

"Basi mimi sitayanywa," akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya juma.

Mwanahalima alikuwa hajalia tangu mambo haya yaanze. Hakulia barazani, wala kwa Dokta Atupele, wala kwenye uvundo. Sasa akalia, mbele ya watu, tope likiwa limemkaukia mpaka viwikoni, akalia kama aliyefiwa. Bi Hajira akataka kumsogelea, mzee akamzuia kwa mkono.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Maji ya chumvi tunayo ya kutosha."

Kisha akaketi juu ya jiwe la kutawadhia, akakunja mikono ya kanzu, akanawa viganja, akasukutua, akanawa uso na mikono, akapaka maji kichwani, akanawa miguu, taratibu, haachi mahali pakavu. Maji yakamtiririka miguuni, yakaingia mferejini, yakashika njia ya kokoto na mchanga kwenda ardhini, kuanza kuwawekea wengine maji matamu ya masika ambayo yeye hatayaona. Akainuka, akaenda kuadhini. Na watu waliokuwa wakiisikiliza adhana ile, wenye miguu ya vumbi na migongo inayouma, hawakuhitaji mwalimu wala mhubiri wa kuwaambia kilichowapata: mkeka wa mgeni huondoka na mgeni, hata ung'ae vipi, na aliyeutupa wake ataswalia chini, usiache mbachao kwa msala upitao.